Kabla hujaformati masini: mwongozo kamili wa kutoa faili zako salama

"Yaya, formate tu, hamuna kitu mule."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki kwenye meza yangu ya kutengeneza masini (kompyuta) hapa Kenya, Lubumbashi (nasema komini ya Kenya, si nchi). Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniambia hivyohivyo, nikamwamini. Nilinakili Documents na Bureau, nikaformati (nikafuta diski na kuweka Windows upya), nikamrudishia masini ikikimbia vizuri. Siku ya tatu akarudi kuuliza picha za marehemu mume wake. Zilikuwa kwenye folda iliyokaa peke yake juu kabisa ya C:, mahali ambapo sikufungua hata mara moja. Sikuwa na la kumpa. Mama yule hakunidanganya. Kwake "kitu" kilikuwa barua na hesabu. Picha zilikuwa maisha yake, hakufikiri kwamba zinakaa mahali fulani zinapoweza kufutwa. Kazi ya kutafuta ilikuwa yangu.

Ndiyo maana humu nitakaa sana kwenye kutafuta faili na kuhakiki nakala. Kunakili kwenyewe masini inajua. Maelezo yote ni ya Windows 10 na 11, hasa ile ya Kifaransa ambayo wengi wetu tunayo. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wanaformati sasa ili waingie 11 au Linux, na kila wiki naona mtu aliyepoteza TFC yake (kazi ya kumaliza masomo chuoni) katika haraka hiyo.

Anza na daftari, masini ikiwa bado inawaka

Chukua kalamu. Andika programu unazotumia kweli: Word, programu ya uhasibu, ile ya kuchapa picha, printa gani. Andika akaunti za barua pepe. Andika majina ya watu wote wanaotumia masini hiyo, maana kila mmoja ana folda yake, na mtoto aliyekuwa akicheza gemu kwa jina lake huenda ana kazi zake za shule humo. Kama ni masini ya ofisi au ya sekretariati ya mtaani, waulize wote kabla ya kugusa chochote.

Usiulize "una faili gani?" Watu hawajui faili. Uliza: ulipiga picha wapi, ulimwandikia nani barua, mwaka huu uliandika nini kirefu, nani alikuletea video ya arusi. Majibu ndiyo orodha yako.

Nakala itakaa wapi?

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mafundi wengi mjini huhamisha kila kitu kutoka C: kwenda D:, kisha huformati C:. Mara nyingi inafaulu, na kwa sababu inafaulu watu wameizoea. Lakini C: na D: kwa kawaida ni vyumba viwili vya nyumba moja: diski ni ileile. Ikiwa masini ilikuwa nzito kwa sababu diski inakufa, vyumba vyote viwili vinaanguka pamoja. Na wakati wa kusakinisha Windows, skrini haikuonyeshi herufi C na D. Inaonyesha orodha ya sehemu zenye namba na ukubwa wake. Kidole kikiteleza mstari mmoja, umefuta D:. Nakala lazima iwe kwenye kifaa kingine unachoweza kukichomoa na kukishika mkononi.

Diski ya nje ndiyo bora. Flashi inatosha kama faili ni chache, ila jihadhari na flashi za bei ya ajabu zinazoandikwa 1 TB au 2 TB. Nyingi ni za uongo. Ndani kuna kumbukumbu ndogo, na chipu imefundishwa kuiambia Windows kwamba nafasi ni kubwa. Unanakili, mstari wa kijani unafika mwisho, majina ya faili yote yanaonekana. Siku ya kufungua, zilizovuka ukubwa wa kweli hazifunguki. Kabla ya kuiamini flashi mpya, ijaribu kwa programu ya bure ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux. Zinaijaza flashi yote kisha zinasoma tena kila kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu. Iache ifanye.

Angalia pia mfumo wa flashi: bonyeza kitufe cha kulia cha panya juu yake, ingia Propriétés. Ikiandika FAT32, haitapokea faili moja inayofikia GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni tele, na video ya arusi hufika hapo kirahisi. Iformati kwanza iwe exFAT, au NTFS kama itatumika na Windows tu. Kuiformati kunafuta vilivyomo, kwa hiyo angalia ndani kwanza.

Kutafuta: hapa ndipo watu hupotezea vitu

Fungua C:, kisha Utilisateurs, kisha jina lako. Humo kuna Bureau, Documents, Images, Vidéos, Musique, Téléchargements. Hizo kila mtu anazijua. Usiidharau Téléchargements, watu wengi hawahamishi kamwe kitu walichopokea kwa barua pepe au WhatsApp ya kompyuta, kinabaki palepale miaka.

Sasa rudi juu kabisa, kwenye C: yenyewe. Folda yoyote isiyo Windows, Programmes, Programmes (x86), ProgramData, Utilisateurs au PerfLogs, ifungue uone ni ya nani. Zile picha za yule mama zilikuwa hapo. Angalia pia Utilisateurs, Public: programu kadhaa za uhasibu hupenda kuweka data zao humo. Anayetumia Sage atafute faili zinazoishia na .mae na .gcm, hizo ndizo vitabu vya kampuni, na hakuna picha ya skrini itakayozirudisha.

Ukimaliza kwa macho, tafuta kwa aina. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha C: andika ext:docx, subiri, tazama safu inayoonyesha faili zinakaa folda gani. Rudia kwa ext:doc, ext:xlsx, ext:pdf, ext:jpg, ext:mp4, ext:pst. Utashangaa mambo yanakojificha.

Halafu kuna folda iliyofichwa, AppData. Washa kuonyesha vilivyofichwa (Affichage, kisha Éléments masqués; kwenye Windows 11 pitia Afficher katikati). Usiibebe yote, ni nzito na imejaa takataka za programu. Chukua haya tu:

Firefox: andika %APPDATA%\Mozilla\Firefox\Profiles kwenye mstari wa anwani, nakili folda nzima huku Firefox imefungwa. Humo kuna alamisho na nywila zako pamoja. Thunderbird inafanya vivyo hivyo, kwenye %APPDATA%\Thunderbird.

Chrome ni tofauti. Nywila zake zimefungwa kwa akaunti ya Windows uliyonayo sasa, kwa hiyo kunakili folda hakutazihamisha. Ingia kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya nywila, uzitoe kama faili ya CSV. Faili hiyo inasomeka na yeyote, herufi kwa herufi. Iweke kwenye flashi yako mwenyewe, na ukishairudisha ndani ya Chrome mpya, ifute. Kama Chrome yako imeunganishwa na akaunti ya Google, hakikisha kwenye simu kwamba nywila zinaonekana kabla ya kutegemea hilo.

Outlook: faili za .pst mara nyingi ziko ndani ya Documents, folda ya Fichiers Outlook. Vile vikaratasi vya njano vya Windows navyo vina kumbukumbu: viko kwenye faili inayoitwa plum.sqlite, itafute kwa jina hilo ndani ya AppData\Local\Packages.

OneDrive inahitaji tahadhari ya pekee. Kwenye masini nyingi za Windows 11, Bureau na Documents zimehamia ndani ya folda ya OneDrive bila mwenyewe kujua. Faili yenye alama ya wingu haipo kwenye masini yako. Ipo kwenye seva, na ukitaka kuinakili lazima ishuke kwanza. Hapo mega zitaliwa. Yenye alama ya tiki ya kijani ipo kweli. Nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu. Ikijaa, vipya havipandi, na wewe unadhani vimepanda.

Flashi na virusi vya njia za mkato

Flashi zetu hutembea: sekretariati ya kuchapishia, Kasapa chuoni, kwa rafiki, nyumbani. Zikirudi zina virusi vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato badala yake. Mtu anaona folda zimegeuka za KB 2, anadhani kazi imekwenda, anaformati flashi, na hapo ndipo inapotea kweli. Usifanye hivyo. Kama flashi ni E:, fungua Invite de commandes (dirisha jeusi la kuandikia amri), andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitarudi kuonekana. Futa zile njia za mkato na faili zozote za .vbs usizozijua. Na unapotengeneza nakala, usibebe .lnk (njia za mkato) wala .exe (programu) kutoka kwenye masini iliyoambukizwa. Utakuwa unapanda magugu yaleyale kwenye shamba jipya.

Ufunguo wa BitLocker

Masini nyingi mpya zina diski iliyofungwa kwa siri na BitLocker, kufuli ya Windows, tangu dukani. Siku Windows ikikataa kuwaka, au fundi akibadilisha kitu kwenye BIOS (mipangilio ya masini kabla ya Windows kuwaka), skrini ya bluu itaomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, hakuna fundi Lubumbashi wala Brussels atakayesoma diski ile. Fungua Invite de commandes kama msimamizi, andika manage-bde -status. Ikionyesha C: imefungwa, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Nakili tarakimu zote 48 kwenye daftari, ukizisoma mara mbili. Kama masini haiwaki tena, ingia kwa simu kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye masini. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa huko.

Kunakili, pamoja na umeme wetu

Kuburuta kwa panya kunafaa kwa folda mbili tatu. Kwa GB nyingi sikupendekezei: umeme ukikatika katikati hujui kilichofika na kisichofika. Tumia robocopy, ipo tayari ndani ya Windows. Funga programu zote, fungua Invite de commandes, andika kwa mstari mmoja:

robocopy "C:\Users\JINA" "E:\NAKALA\JINA" /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Badilisha JINA kwa jina la folda yako na E: kwa herufi ya diski ya nje. Ona nimeandika Users: dirisha linakuonyesha Utilisateurs, lakini jina la kweli la folda ni Users, na vivyo hivyo Bureau jina lake ni Desktop. Mkwaju wa nyuma kwenye kibodi ya Kifaransa ni AltGr pamoja na 8. Kwenye masini zilizotoka Ubelgiji, nazo ni nyingi hapa, ni AltGr pamoja na kitufe cha < kilicho kando ya Shift ya kushoto.

/E inachukua folda zote za ndani. /XJ inaruka milango ya uongo ambayo ingezungusha kazi bila mwisho. /XD AppData inaiacha ile folda ambayo umeshachukua vya muhimu. /R:1 na /W:1 usizisahau: bila hizo, robocopy ikikutana na faili isiyosomeka itajaribu tena mara milioni moja, ikingoja sekunde 30 kila mara. Dirisha litakaa kimya mpaka amri imalize, kwa kuwa maelezo yote yanaandikwa kwenye ripoti. Na tafadhali, kama umeona mahali wanaandika /MIR, iache. Hiyo inafuta kwenye nakala chochote ambacho hakipo kwenye chanzo. Ukikosea herufi moja ya diski, inakumaliza.

Uzuri wake kwetu ni huu: delestaji (mgao wa umeme) ikipita na masini ikazima, umeme ukirudi unaandika amri ileile. Inaruka zilizokwishafika, inaendelea na zilizobaki. Hata hivyo masini ya mezani isiyo na onduleri (betri ya akiba) usiianzishie kazi hii saa ambazo unajua mtaa wenu hukatwa, na wakati wa radi za masika chomoa kila kitu ungoje. Laptopu ichaji ijae kwanza, uizuie kulala.

Kwa muda: mlango wa USB 2 hupitisha takribani MB 30 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 ni kama saa nzima, na zaidi kama ni maelfu ya picha ndogondogo. Mlango wa USB 3, ambao mara nyingi una ulimi wa bluu, ni wa kasi zaidi.

Ikimaliza, fungua ripoti.txt, nenda chini kabisa. Kuna jedwali dogo lenye safu ya ÉCHEC. Ikiwa si 0, tafuta ndani ya ripoti neno ERREUR uone ni faili zipi, uzishughulikie moja moja. Baada ya hapo nakili kwa mkono zile folda za juu ya C:, za Public na vile vya AppData.

Hakiki kwenye masini nyingine

Linganisha kwanza: kitufe cha kulia, Propriétés, kwenye chanzo na kwenye nakala, folda kwa folda: Documents na Documents, Images na Images. Idadi ya faili ikaribiane sana, na ujue sababu ya kila tofauti.

Halafu chomoa diski, ipeleke kwenye masini ya mtu mwingine. Fungua faili kubwa kuliko zote. Fungua ya zamani kuliko zote. Fungua TFC, uende hadi ukurasa wa mwisho. Cheza video katikati, si mwanzo tu. Fungua picha kumi kutoka folda kumi tofauti. Nasisitiza masini nyingine kwa sababu kwenye masini yako mwenyewe unaweza kufungua ya asili ukidhani umefungua nakala, hasa ukipitia orodha ya faili za karibuni za Word.

Faili ambayo ukiipoteza utalia, ipime alama yake. Andika certutil -hashfile, nafasi, anwani ya faili ndani ya alama za kunukuu, nafasi, SHA256. Fanya hivyo kwa ya asili na kwa nakala. Mistari miwili ikifanana herufi kwa herufi, faili ni moja.

Kisha toa nakala ya pili ya vile vichache visivyorudishika. Mpiga picha Peter Krogh alieneza kanuni inayosema nakala 3, kwenye aina 2 za vifaa, 1 ikae mahali pengine. Kwa mwanafunzi hiyo si gharama: TFC nzima ya Word kwa kawaida haifiki MB 25 ambazo Gmail inakubali kwa kiambatisho, basi jitumie mwenyewe. Picha za familia, flashi moja ikalale kwa shangazi, mtaa wa Katuba au Bel-Air.

Madereva na leseni

Hili ni fupi lakini linaokoa siku nzima. Ukimaliza kusakinisha, huenda Wi-Fi isiwake kwa kukosa dereva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa), na dereva iko kwenye intaneti usiyoweza kuifikia. Tengeneza folda madereva kwenye diski ya nje, fungua Invite de commandes kama msimamizi:

dism /online /export-driver /destination:E:\madereva

Baadaye, kwenye Windows mpya, pia kama msimamizi:

pnputil /add-driver E:\madereva\*.inf /subdirs /install

Leseni ya Windows kwa masini nyingi za sasa imefungwa kwenye masini yenyewe, itajirudisha ukiingia mtandaoni kwa toleo lilelile (Famille au Pro). Office na programu za uhasibu ni habari nyingine: andika funguo zake daftarini, na kama programu inataka uizime kwanza kwenye masini ya zamani, fanya hivyo sasa.

Kama Windows haiwaki kabisa

Faili bado zipo. Tengeneza flashi ya Linux Mint au Ubuntu kwenye masini ya rafiki, washia nayo, uchague kujaribu bila kusakinisha. Utaona diski yako kama folda, unakili kwenda diski ya nje. Ikikuambia diski ni ya kusoma tu, sawa, kusoma ndiko unakotaka. Ikiomba ufunguo, ni zile tarakimu 48.

Lakini ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, zima. Kila dakika inayozunguka inajikwaruza. Mpe mtu anayejua kutumia ddrescue (programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu), na usimruhusu yeyote "kuijaribu kidogo".

Siku ya kuformati

Chomoa diski ya nje. Iondoe kabisa mezani, ndipo uchomeke flashi ya Windows. Nimeona diski ya nakala ikiformatiwa badala ya ile ya ndani kwa sababu zote mbili zilikuwa za GB 500. Kama masini ina SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), ujue pia kwamba baada ya kufuta, matumaini ya kufufua faili ni madogo mno: Windows huiambia SSD isafishe nafasi hizo, nayo inasafisha.

Ukimpelekea fundi, kaa naye. Kama huwezi, mpe masini baada ya wewe mwenyewe kutoa nakala, na nakala ibaki kwako nyumbani. Picha zako si za kuachwa mezani kwa mtu.

Ukirudisha, nakili yaliyomo ndani ya folda, Documents ndani ya Documents, picha ndani ya Images. Windows ikisema huna ruhusa, bonyeza Continuer. Usizifute nakala kwa angalau mwezi mmoja, maana kitu kilichosahaulika hukumbukwa siku kinapohitajika: karatasi ya kodi, mtihani, picha ya ubatizo.

Kwangu sasa kuna daftari lenye safu ya mwisho ambayo naiacha tupu. Mwenye masini anakaa kwenye masini yangu ya pili, anafungua nakala zake yeye mwenyewe, anatafuta anavyotaka bila haraka, kisha anatia sahihi kwenye ile safu. Juzi kijana mmoja alikaa dakika arobaini, akasimama, akaniambia: "Yaya, ngoja kwanza, sioni sauti za bibi." Tulizikuta kwenye folda ya kinasa sauti, ndani ya Documents ya mtumiaji mwingine. Tukazinakili, tukazisikiliza, akasaini.